Nikahi Haimpi Mgeni Uraia: Ukweli wa Karatasi Katika Familia za Kilosa na Mikumi

Miongoni mwa kazi za katibu wa kamati ya msikiti ni kuandika barua za utambulisho. Anayemtafutia mtoto shule, anayefuatilia mirathi, anayekwenda kuoa mkoa mwingine, wote hupita kwetu wakihitaji maneno machache yenye mhuri yanayosema kuwa huyu tunamfahamu na tunaswali naye. Barua hizo ni amana. Lakini hapa Kilosa na kule Mikumi limezidi ombi la namna nyingine: familia inataka msikiti uandike kuwa mkwe wao, aliyezaliwa ng'ambo, amezaliwa katika mtaa huu, ili apate kitambulisho cha taifa.

Ombi moja la aina hiyo lilihusu kijana wa Kingazija aliyemuoa binti wa Mikumi. Kijana huyo aliingia nchini kwa pasipoti ya Komoro na kibali halali, akafanya biashara Unguja, kisha akaja bara. Nikahi ilifungwa kwa masharti yake yote: walii, mashahidi wawili, mahari na ridhaa. Wamejaaliwa watoto wawili. Kibali chake kilikuwa karibu kwisha, na mkwewe, mzee mwenye heshima katika safu ya mbele, akaja na barua iliyokwisha kuandikwa, akiomba mhuri tu. Kamati haikuweza kuupiga. Mzee akauliza: "Ustadh, sisi tumemuozesha kwa Kitabu na Sunna. Vipi mtu awe mgeni katika nyumba aliyohalalishiwa?"

Swali hilo ni zito, na halistahili kujibiwa kwa neno moja la "haramu" kisha mtu akaachwa njiani. Mzee yule hakuwa na nia ya kuidhulumu nchi; alikuwa akihofia kuwaona wajukuu zake wakilelewa bila baba. Jibu lake ni kwamba nikahi humfanya mtu kuwa mume, mkwe na baba. Uraia ni mkataba mwingine, baina ya mtu na dola, wenye sharti zake na mlango wake. Familia nyingi huumia kwa kudhani kuwa mkataba wa kwanza unabeba na wa pili.

Kwa nini suala hili ni letu

Kilosa haijapata kuwa mji wa kabila moja. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wamepokea wapitao tangu siku za misafara ya bara na pwani. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilileta vibarua, makarani na wenye maduka, miongoni mwao Waarabu na Wahindi. Kisha yakaja mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa. Wakati wa ukoloni wa Kiingereza, wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika waliajiri watu kutoka Msumbiji na Ruanda-Urundi, na wengi kati yao hawakurudi kwao. Walioa, wakazaa, wakazikwa huku. Watu wa namna hiyo ndio wanaoitwa walowezi katika lugha ya maofisa wa Uhamiaji.

Mikumi nayo ina mlango wake. Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hukata katikati ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na malori ya Zambia, Malawi na Kongo hulala hapo kila usiku. Penye kulala watu pana kufahamiana, na penye kufahamiana pana posa.

Ndiyo maana katika misikiti yetu wamo watu ambao babu zao hawakuzaliwa Tanganyika, wamo wake walioletwa kutoka nje, na wamo waume waliofuata wake zao hapa. Wote husimama safu moja. Mbele ya dirisha la ofisi, hata hivyo, kila mmoja ana hukumu yake.

Sheria inavyowagawa watu

Uraia wa Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, nayo inatambua njia tatu: kuzaliwa, kurithi na kuomba, yaani tajnisi.

Kuhusu kuzaliwa, watu wengi hukosea. Mtu akizaliwa katika hospitali ya Kilosa hupewa cheti cha kuzaliwa, awe mtoto wa raia au wa mgeni, kwa kuwa cheti hicho kinathibitisha mahali, tarehe na wazazi. Msomaji akifungua sheria atakuta kifungu cha kuzaliwa nchini kimeandikwa kwa upana. Lakini katika utekelezaji, ofisa huuliza kwanza uraia wa baba na mama. Mtoto mwenye mzazi mmoja raia hana taabu. Mtoto wa wageni wawili atapata taabu kubwa, hata kama hajawahi kuvuka mto Wami.

Kwa wazee, swali hurudi nyuma hadi tarehe 9 Desemba 1961. Siku hiyo ya uhuru, aliyezaliwa Tanganyika na ambaye mzazi wake mmoja alizaliwa Tanganyika pia, akawa raia papo hapo bila kuandika lolote. Aliyezaliwa hapa na wazazi waliotoka nje wote wawili hakuingia kwa mlango huo. Alitakiwa aombe kuandikishwa. Mtoto wa manamba wa mkonge aliyezaliwa Kimamba mwaka 1955 huenda hakujua kuwa kulikuwa na fomu ya kujaza. Alipiga kura, alilipa kodi ya kichwa, akaishi kama raia, na leo mjukuu wake anapoomba kitambulisho anaulizwa babu alizaliwa wapi.

Ama uraia wa kurithi, ni wa aliyezaliwa nje ya nchi na baba au mama aliye raia. Binti yetu aliyeolewa Moroni akijifungua huko, mtoto wake ana haki hii kupitia kwa mama. Haki hiyo haiendelei bila kikomo. Ikiwa mzazi mwenyewe ni raia kwa kurithi tu, naye akazaa nje, haivuki tena kwenda kwa mtoto.

Njia ya tatu ndiyo ya mgeni. Sheria inamtaka mwombaji mtu mzima awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi humu kwa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, aonekane kuwa na manufaa kwa taifa, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Hutangaza nia yake gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Maombi huanzia chini, kwa viongozi wanaomjua, hupanda wilayani na mkoani, kisha hufika kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Waziri halazimiki kutoa sababu ya kukubali wala kukataa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Anayekubaliwa huukana uraia wake wa awali na kula kiapo cha utii, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Kabla ya kufika huko, mgeni huishi kwa kibali cha ukaazi. Daraja A ni la wawekezaji na wenye biashara zao, daraja B la walioajiriwa, na daraja C la wengine kama wanafunzi na watafiti. Kila kibali kina tarehe ya mwisho na huhuishwa. Mwenye kuiacha tarehe hiyo ipite amejiondoa mwenyewe katika hesabu ya miaka aliyoijenga, kwa maana ukaazi unaohesabiwa ni ule wa halali.

Mke mgeni na mume mgeni hawako sawa

Hapa ndipo penye jambo ambalo kila walii anapaswa kulijua kabla ya kupokea mahari.

Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba tajnisi kwa sababu ya ndoa hiyo, bila kungoja ile miaka 10. Sheria imeweka sharti moja lenye uzito: aombe wakati wowote wa uhai wa mume wake. Mume akifariki kabla ya maombi, mlango huo unafungwa. Wapo wajane waliokaa hapa miaka 30, wakazaa na kulea, na siku ya arobaini ya marehemu wakakumbuka kuwa hawakuwahi kujaza fomu. Mwanamume aliyeoa nje ya nchi na akaiahirisha safari ya ofisi ya Uhamiaji kwa kusema "tutakwenda mwakani" anamwekea mkewe deni ambalo warithi hawawezi kulilipa.

Mwanamume mgeni aliyemuoa binti wa Kitanzania hana haki hiyo. Ndoa humsaidia kuonyesha kuwa ana makazi na familia, lakini atangoja miaka ileile kama asiye na mke. Wanasheria na watetezi wa haki za wanawake wamelalamikia tofauti hii, kwamba inamnyima binti yetu kile anachopewa kaka yake. Malalamiko hayo yana mashiko. Mwenye kutaka sheria ibadilike ana mbunge, ana vyombo vya habari, na ana wanasheria. Muda wote ambao haijabadilika, familia inayomkaribisha mkwe kutoka Komoro, Kongo au Yemen ijue kuwa inaanza safari ya muongo mmoja ya vibali na risiti, na ipange maisha kwa kipimo hicho.

Watoto wao wana nafuu. Aliyezaliwa hapa na mama Mtanzania ni raia. Ikiwa sheria ya nchi ya baba nayo imempa uraia, basi afikapo miaka 18 atatakiwa kuchagua; asipoukana ule wa kigeni anapoteza wa Tanzania. Wazazi wasimfiche kijana jambo hili hadi siku anapoomba mkopo wa chuo.

Anayevuka bahari kwenda Unguja

Vijana wengi wa Kilosa na Mikumi sasa hufanya kazi katika mahoteli ya Nungwi na Paje, na wengine huoa au kuolewa huko. Wageni nao hutangulia visiwani wakidhani kuwa kisiwa kina uraia wake. Yafaa jambo hili lieleweke.

Zanzibar ilikuwa dola yenye uraia wake kwa muda mfupi sana, tangu uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 hadi Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Tangu hapo uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Hakuna ofisi ya Unguja inayompa mgeni uraia wa Zanzibar peke yake. Atakayekubaliwa huwa raia wa Jamhuri ya Muungano kwa sheria ileile inayotumika Kilosa.

Lakini ndani ya uraia huo mmoja kuna daraja nyingine. Sheria ya Mzanzibari ya mwaka 1985 inaeleza nani ni Mzanzibari, ikitazama makazi kabla ya tarehe 12 Januari 1964, kuzaliwa, wazazi na muda wa kuishi visiwani. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kilianza kwa sheria ya mwaka 2005. Hivyo kijana wetu wa Mikumi aliyeko Paje ni raia kamili, lakini hakuwa Mzanzibari kwa kupanda boti, na asishangae akiulizwa karatasi za ukaazi. Na mgeni aliyenunua nyumba katika miradi iliyoidhinishwa huko, ambayo kwa bei ya kuanzia dola 100,000 humfungulia mlango wa kuomba kibali cha ukaazi, amepata kibali, hajapata uraia.

Somo la Wangazija

Hakuna jamaa walioonja uchungu wa karatasi katika bahari yetu kama Wangazija. Waliishi Unguja vizazi kwa vizazi, wakatoa maulamaa, walimu na makarani, wakawa na skuli yao. Kwa kuwa visiwa vyao vilikuwa chini ya Ufaransa, hadhi yao Unguja ilikuwa na utata tangu zama za ukoloni. Baada ya Mapinduzi, katika utawala wa Sheikh Abeid Amani Karume, waliambiwa kuwa si raia hadi waombe. Watu waliozaliwa Mji Mkongwe na ambao hawakuwahi kuiona Ngazija wakajikuta wageni.

Madagascar hali ikawa mbaya zaidi. Desemba 1976, katika mji wa Majunga, Wangazija waliuawa kwa mamia katika ghasia, na mwaka uliofuata maelfu walirejeshwa Komoro, wengi kwa ndege za shirika la Sabena. Hadi leo waliorejeshwa huitwa Sabena. Jina la ndege likawa jina la watu.

Kisha Komoro yenyewe ikaja kuuza kilichowakosesha watu wake usingizi. Sheria ya mwaka 2008 ya uraia wa kiuchumi ilifungua njia ya kutoa pasipoti kwa Bidun, watu wasio na uraia wowote waishio nchi za Ghuba, bila hao kutakiwa hata kuviona visiwa. Mambo yaliishia mahakamani, na Novemba 2022 Rais wa zamani Ahmed Abdallah Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi iliyotokana na pasipoti hizo.

Katika habari zote hizi, waliobeba mzigo ni familia. Aliyezoea kuamini kuwa "kila mtu hapa ananijua" aligundua kuwa kujulikana na jirani hakuandikwi katika daftari la serikali.

Na upo mfano mwema hapa kwetu. Wakimbizi wa Burundi walioingia mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu walifungua mlango kwa maombi, wakaandikwa kwa majina yao na asili yao ya kweli, na kuanzia mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wakaanza kupokea vyeti vya uraia. Hakuna aliyehitaji kusema kuwa babu yake alizaliwa Tabora.

Kwa nini mhuri ulikataliwa

Dini yetu imewatukuza wanaowapokea wageni. Ansari wa Madina walifungua nyumba zao kwa Muhajirina, na Saad bin Rabii akampa Abdurrahman bin Auf nafasi ya kuchukua nusu ya mali yake. Udugu huo haukubadilisha nasaba ya mtu. Muhajirina walibaki wakiitwa Muhajirina. Salman alibaki Mfursi, Bilal alibaki Mhabeshi, Suhaib akajulikana kwa Rumi, na hakuna aliyepungukiwa daraja kwa hilo. Qur'ani katika Suratul-Ahzab imeagiza watu waitwe kwa baba zao, na katika Suratun-Nisaa imetutaka tusimame na ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alihesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa.

Barua ile ya mkwe wa Mikumi ingembadilishia kijana mahali pa kuzaliwa, na hatimaye baba. Watoto wake wangeandikwa kwa babu wa kubuni. Siku ya mirathi, siku ya kutafuta nani maharimu wa nani, uongo ule ungekuwa umeota mizizi. Na kwa upande wa sheria, maelezo ya uongo katika maombi ya uraia ni kosa la jinai, na uraia wa tajnisi uliopatikana kwa hila unaweza kufutwa hata baada ya miaka mingi. Familia ingekuwa imejenga nyumba juu ya mchanga wa Mkondoa.

Kamati ilimwandikia barua nyingine, yenye ukweli wote: kwamba ni Mngazija, kwamba alifunga nikahi tarehe fulani mbele ya mashahidi fulani, kwamba anaishi mtaa fulani na mwenendo wake tunaujua. Barua hiyo aliichukua kwenda kuhuisha kibali chake kabla hakijaisha, na miaka yake inaendelea kuhesabiwa. Haijafupisha safari. Imemweka njiani kwa miguu yake halali.

Yanayotupasa kufanya

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa. Siku hizo tuzitumie. Walii amuulize mposaji mgeni pasipoti yake, aina ya kibali chake na tarehe ya mwisho, kwa adabu ileile anayoulizia dini na tabia yake. Kuuliza huko ni sehemu ya kumhifadhi binti.

Mwenye mke mgeni aanze maombi akiwa hai na mwenye afya. Mwenye mume mgeni atunze kila kibali kilichokwisha, kila risiti na kila muhuri wa kuingia nchini, kwa kuwa baada ya miaka 10 hizo ndizo zitakazokuwa shahidi wake. Watoto waandikishwe mapema na RITA, kwa majina ya baba na mama yaliyo sahihi.

Wazee wenye asili ya nje wakae na wajukuu na kuwasimulia: nani alikuja, kutoka wapi, aliajiriwa shamba gani, aliozeshwa wapi. Simulizi hizo ziandikwe na kutiwa saini wakati wasimuliaji wapo. Tunakumbuka mwishoni mwa Desemba 2009, Mkondoa ulipovunja kingo na maelfu ya watu wa Kilosa wakalala katika mahema. Pamoja na magodoro, maji yalibeba vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa. Kila familia iwe na nakala mahali pengine, kwa ndugu wa mlimani au kwa mtoto aliyeko mjini.

Na misikiti yetu iweke daftari la nikahi lililo kamili, linaloonyesha uraia wa kila mwana ndoa kama alivyoutaja mwenyewe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imezungumzia kuandika deni dogo na kubwa bila kuchoka. Ikiwa deni la fedha limepewa uzito huo, basi nasaba na makazi ya watoto wetu yanastahili wino zaidi.

Mwenye shaka kuhusu hali yake asikimbilie kwa vishoka wanaouza vitambulisho. Aende ofisi ya Uhamiaji ya wilaya au ya mkoa akiwa na ukweli wake, na akihofia, aende na mwanasheria au mzee wa mtaa. Allah atupe ujasiri wa kusema tulikotoka, na awape subira waliomo katika kungoja. Wallahu a'lam.